Mtori wa Mzazi

Mayai yale yalikuwa ya nani? Swali lenyewe ni fupi, lakini mwaka ule lilininyima usingizi kwa siku sita mfululizo, nami ni mtu ambaye hata bila sababu hukosa usingizi kirahisi. Kwamba nilikuwa nimeyaona sikuwa na shaka. Niliyaona kwa macho yangu chini ya hadubini: makubwa, ya manjano iliyokolea, kila moja na kifuniko chake kidogo upande mmoja. Yalikuwa mayai ya mnyoo wa ini, yule mnyoo bapa kama jani ambaye wachinjaji wa Moshi humkuta ndani ya ini la ng'ombe wakalitupia mbwa. Na niliyaona katika choo cha binadamu. Shaka yangu ilikuwa hii: je, mnyoo aliyeyataga alikuwa hai ndani ya ini la mwanamke niliyempima, au alikwisha kufa zamani ndani ya ini la ng'ombe, likapikwa, likaliwa, na mayai yakapita tu tumboni mwa yule mwanamke na kutoka kama yalivyoingia? Kama jibu lilikuwa la kwanza, alistahili sindano kali ambazo kila mtu hospitalini alijua zinauchosha moyo, na mioyo mingine haikuwahi kupumzika kutokana na uchovu huo ila kwa kusimama. Kama jibu lilikuwa la pili, hakuwa na ugonjwa wowote wa ini. Na aliyeandika lile jibu la kwanza kwenye karatasi ya serikali, kwa mwandiko mzuri, akatia sahihi yenye mkia mrefu, alikuwa ni mimi.

Mwezi uliopita Elinami, mwana wa mwanamke yule, alikuja kwangu, mtu mzima mwenye mvi zake, akavua kofia mlangoni. "Shikamoo baba. Mama amepumzika. Aliacha neno kwamba Mzazi aambiwe kabla ya watu wengine." Nikakaa chini. Mzazi ni mimi. Tulipofika msibani kule juu mlimani, wanawake waliokuwa wakimenya ndizi waliinua vichwa, mmoja akaita, "Mpisheni Mzazi apite," na nikapita kati yao kama mfalme, mzee mwenye fimbo na goti bovu. Kijana mmoja, kitukuu cha marehemu kama sikosei, alimwuliza mwenzake kwa sauti ambayo alidhani siisikii, kwa nini babu huyu anaitwa jina la mwanamke aliyetoka kujifungua. Mwenzake hakujua. Nimekaa na swali hilo tangu siku ile. Nina vyeti vitatu ukutani, na kimojawapo kina muhuri wa Malkia, lakini ukiniuliza ni kitu gani nilichofanya maishani ambacho ningependa kisomwe kaburini kwangu, nitakutajia mabakuli matatu ya mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Kwa hiyo naandika, ili kijana yule apate jibu lake.

Mwaka ule kahawa ilikuwa na bei nzuri, mabati yaling'aa kila upande wa mlima, nami nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha upimaji wa magonjwa. Nilipangiwa hospitali moja ya mjini, katika chumba cha maabara kilichokuwa zamani stoo ya mablanketi. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama kaskazini, na hilo ndilo lililotupa mwanga wa hadubini, kwa maana ile ya kwetu haikuwa na taa bali kioo kidogo cha kunasa mwanga wa jua. Asubuhi kilele cha Kibo kilipokuwa wazi, theluji yake ilionekana juu ya mti wa msonobari, na Mzee Ramadhani alisema hapo ndipo mwanga unapokuwa mzuri kuliko siku zote. Mzee Ramadhani ndiye aliyekuwa mwenyeji wa chumba kile. Alikuwa mtu wa mjini, mama yake Mpare, baba yake mtu wa Tanga aliyekuja na reli akabaki. Alianza kwa kufagia chumba hicho hicho, akajifunza kupima kwa kumchungulia mpimaji aliyemtangulia, na jicho lake lilikuwa kali kuliko la yeyote niliyekutana naye baadaye, pamoja na wale wenye shahada. Hakuwa na cheti. Mimi nilikuwa nacho, na kwa sababu hiyo mshahara wangu na cheo changu vilikuwa juu ya vyake, jambo ambalo yeye alilichukulia kama kichekesho na mimi nililichukulia kama jiwe kwenye kiatu. Aliniita Msomi. "Msomi, hicho kioo umekipangusa mara ya nne. Kitatoboka."

Ndivyo nilivyokuwa. Nilipangusa, nikahesabu, nikahesabu tena. Nikitoka chumbani nilirudi kuhakikisha nimefunga mlango, na nikihakikisha nilianza kujiuliza kama katika kuhakikisha sikuufungua. Wenzangu chuoni walisema nitazeeka kabla ya kuoa. Lakini kila wiki, siku ya Jumatatu, nilipata nafasi ya kusahau hayo yote, maana tulipanda mlimani na Bwana Daktari, Mwingereza mrefu, mtaratibu, aliyesema Kiswahili cha vitabuni, kwenda kutibu watu katika jengo dogo kando ya mfereji. Nilibeba hadubini mapajani ndani ya gari kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Jumatatu moja alikuja Mama Mkunde. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kitambaa cheupe cha kanisani kichwani, na hakuja kwa ajili yake mwenyewe. Mkwe wake, Aikaruwa, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza wiki tano zilizopita, na bado alikuwa ndani, kama ilivyo desturi kwetu, miezi mitatu mzazi hagusi jembe wala ndoo, anakula, anapumzika, analishwa mpaka ang'ae, ndipo atoke watu wamwone. "Mimi nalisha, Bwana Daktari," alisema. "Mume wangu hakuchinja mbuzi, alichinja ng'ombe. Mtori asubuhi, mtori mchana, mtori jioni. Lakini mtoto wa watu anapauka kama karatasi. Akisimama anashika ukuta. Siku ya kutoka watu watasema nini? Watasema nyumba ya Mama Mkunde ilikula nyama yenyewe."

Daktari alinituma nyumbani kwa Mama Mkunde nikachukue choo cha kupima. Nilifika mpaka mlangoni tu. Mwanamume haingii chumba cha mzazi siku zile, hata mume wake hukaa nje, nami nilikuwa Mchagga niliyelelewa nikijua hilo ingawa miaka mingi nilikuwa nimekula chakula cha bweni. Nilisimama nje ya pazia la khanga, ndani nikasikia mtoto akinyonya, na nikamwuliza yule mama maswali niliyofundishwa. Unaumwa wapi? "Tumbo, na nimechoka." Na hapa chini ya mbavu, upande wa kulia, pia panauma? "Ndiyo, na hapo pia." Leo natoka jasho nikikumbuka swali lile. Nilikuwa nimempa jibu mkononi, naye kwa adabu alilipokea, kama ambavyo angelipokea kikombe cha chai asichokihitaji. Mama Mkunde alinipa kopo lililofungwa vizuri kwa jani la mgomba, na nikashuka nalo.

Sasa nitaeleza furaha yangu, maana sitaki kujifanya sikuipata. Nilipoliona yai la kwanza nilidhani ni chembe ya uchafu. Nikasogeza kioo cha kupimia. Nikaona la pili, na la tatu. Nilikimbia kwenye kitabu, nikalinganisha na picha, nikarudi. Kitabu kilisema mnyoo huyu ni wa ng'ombe na kondoo, na kwamba kumkuta ndani ya ini la mtu ni nadra sana. Kando ya yale mayai makubwa kulikuwa na mengine, mepesi, yenye ganda jembamba, mayai ya safura, mnyoo mdogo anyonyaye damu tumboni, mayai ambayo tuliyaona kila siku ya Mungu kiasi kwamba mkono wangu uliyaandika bila kuniuliza, chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo. Bwana Daktari aliinama kwenye hadubini kwa muda mrefu. Alipoinuka alinishika mkono. Hakuna Mzungu aliyewahi kunishika mkono. "Estomihi," alisema, "umefanya kazi nzuri kabisa." Siku iliyofuata alileta madaktari wawili wa mashamba ya mkonge waone, na mmoja wao aliniuliza jina langu linaandikwaje. Mzee Ramadhani alichungulia naye, akasema, "Ni mayai hasa," kisha akaenda kunawa.

Kitabu kilikuwa na onyo. Kilisema mtu aliyekula ini bovu anaweza kuonekana kama mgonjwa wakati si mgonjwa, kwa hiyo akatazwe ini kwa siku kadhaa, kisha apimwe tena. Nililisoma onyo lile mara tano. Nikapanda mlima kwa miguu kulitimiza, nikasimama mlangoni, nikamwambia Mama Mkunde, "Mama, mkwe wako asile ini kwa siku saba. Hata kipande." Alinitazama, akaitazama karatasi mkononi mwangu. "Haya, mwanangu." Baada ya siku saba kopo likaja, na mayai yalikuwamo, mengi kama mwanzo. Basi nikaandika: mnyoo wa ini, amethibitishwa. Bwana Daktari akapanga Aikaruwa ateremshwe kwa machela Jumatatu inayofuata, alazwe chali siku kumi, achomwe zile sindano. Mtoto angepewa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, kwa kuwa dawa ile hupita kwenye maziwa ya mama. Nilinunua kalamu mpya.

Jumanne kabla ya Jumatatu hiyo, wakati wa chakula cha mchana, tulikaa kwenye benchi nje ya maabara. Mzee Ramadhani alikuwa na wali na maharage ya nazi aliofungiwa na mke wake, nami nilikuwa na ndizi za kuchoma. Alinimegea wali bila kuniuliza, kama kawaida yake, akatafuna, akauliza kana kwamba anauliza habari za mvua, "Msomi, ulimkataza nani kula ini?"

"Mgonjwa."

"Ulimwambia yeye?"

"Nilimwambia mama mkwe wake. Mzazi siwezi kuingia kwake, mzee, unajua."

"Najua. Nimeishi na nyinyi Wachagga miaka thelathini." Akachambua jiwe kwenye wali, akalitupa. "Na huyo mama mkwe, ng'ombe amechinja?"

"Amechinja."

"Na mkwe anapauka."

"Anapauka."

"Basi wewe ukamwambia, mkwe anayepauka, mnyime ini." Akaanza kucheka taratibu mpaka mabega yakatikisika. "Msomi wangu! Ukimwambia mwanamke wa mlimani amnyime mzazi ini, umemwambia avue nguo mbele ya ulimwengu wote. Atakujibu nini? Atakujibu, haya mwanangu."

Nikasema kitabu kinasema hivi, naye akasema kitabu hakijawahi kuwa na mama mkwe. Nikasema nitamwambia Daktari. "Utamwambia nini? Kwamba Ramadhani mfagiaji ameota? Ameshaandika barua zake za kumtangaza mnyoo huyo, yule. Nenda na kitu cha kumwonyesha." Tangu mchana ule ndipo usingizi uliponihama. Nilifikiri kila njia. Nikimwuliza Mama Mkunde ana kwa ana, na kama ni kweli, nitakuwa nimemwita mwongo katika nyumba yake. Akikataa, sitajua zaidi ya ninavyojua. Nikinyamaza, huenda ugonjwa ni wa kweli na sindano zitamponya. Huenda. Nililizungusha neno hilo kichwani mpaka likapoteza maana.

Alhamisi asubuhi nilifanya jambo la kwanza ambalo sikulisoma mahali popote: nilijipima mimi mwenyewe. Nilikuwa safi. Kisha nikaomba ruhusa ya siku tatu, nikasema ninafuatilia mgonjwa, jambo ambalo lilikuwa kweli, nikapanda. Njiani niliwapita wanawake waliotoka Mabogini na mizigo ya majani mabichi kichwani, majani ya kwenye majimaji ya tambarare, ya kulishia ng'ombe waliofungwa ndani huku juu, na kwa mara ya kwanza nikayatazama majani yale yanayochuruzika maji, ambayo mnyoo hushikamana nayo angali mchanga, nikaelewa ng'ombe wa Mama Mkunde alimpata wapi mnyoo wake.

Nilimkuta Mama Mkunde jikoni, na safari hii nikavuka kizingiti. Ile ilikuwa nyumba ya zamani ya duara, nyuma ya nyumba mpya ya bati, na walikuwa wamemweka mzazi humo kwa sababu ya joto. Upande mmoja walikuwa ng'ombe wawili wakicheua, katikati mafiga, na ng'ambo ya pili kitanda nyuma ya lile pazia la khanga. Juu ya meko, kwenye dari la fito, nyama ilikuwa imepangwa ikikauka kwa moshi, na katikati ya vipande vyekundu niliona vingine vyeusi, laini, vilivyosinyaa. Sikuvitazama mara mbili. Mama Mkunde alikuwa amekaa na mwiko akiponda ndizi chunguni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kopo lingine? Mtoto wa watu atatoa choo mpaka lini?"

"Sikuja na kopo, mama. Nimekuja, nina njaa."

Alicheka, akasema nje kuna ndizi na kuna pombe ya mbege, wanaume wako kule. Nikamwambia sitaki cha nje. Nataka mtori ule, wa kwenye chungu kile, anaokula mzazi. Mwiko ukasimama. Nyuma ya pazia mtoto aliacha kulia, au nadhani hivyo. "Mwanangu," akasema taratibu, "hicho ni chakula cha mzazi."

"Najua, mama."

"Mwanamume hali chakula cha mzazi. Mimi mume wangu hajawahi. Watu watasema nini?"

"Waseme. Nitakula wanachosema."

Tulitazamana. Na ninaamini, ingawa nafikiri mno na huenda naongeza, kwamba wakati ule alijua ninachotafuta na mimi nikajua kwamba anajua. Angeweza kuniteka mtori wa juu, au kunifukuza. Alichukua bakuli, akaingiza upawa mpaka chini kabisa ya chungu, akakoroga, akanijazia. Rangi yake ilikuwa ya kahawia kidogo kuliko mtori wa kawaida. Ulikuwa mtamu, mzito, wenye mafuta juu na ladha ya moshi, na chini ya ladha ya ndizi kulikuwa na kitu kingine, kama chuma. Nilikula mpaka mwisho, nikapangusa bakuli kwa kidole. Kutoka nyuma ya pazia sauti ya Aikaruwa ikamwambia mama mkwe wake, dhaifu, yenye kicheko, "Mae, mpe na mtoto amnyonyeshe."

Kicheko kile ndicho kilichotoka nje. Nilipopita uani, mume wake na ndugu zake walikuwa kwenye mbege, na habari ilikuwa imenitangulia. "Huyooo! Mzazi mwenzetu!" akasema mmoja. "Umejifungua salama, bwana mganga? Wa kike au wa kiume?" Mwingine akasema, "Usibebe hadubini, utatonesha kidonda. Kaa ndani miezi mitatu." Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nimevaa soksi ndefu nyeupe, na masikio yaliniwaka moto. Ijumaa nikarudi, nikala bakuli la pili. Walikuwa wameongezeka watu. Jumamosi bakuli la tatu, na watoto wa shule walinisindikiza mpaka mferejini wakiimba "Mzazi, Mzazi." Mama Mkunde alinitekea, akakaa akinitazama ninavyokula, na nilipomrudishia bakuli alilipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyompokea mgeni wa heshima.

Jumapili kengele za kanisa zilipolia, sikwenda kanisani. Mzee Ramadhani, ambaye Jumapili haikuwa siku yake ya ibada, alinifungulia maabara. Nilikuwa na kopo langu. Nilianza kuandaa kioo, akanipokonya akaandaa yeye. Akainama kwenye hadubini, akasogeza, akasogeza, akatulia. Nilisikia wimbo wa kanisani kutoka ng'ambo ya barabara mpaka ubeti wa mwisho. Kisha akainuka, uso wake hauonyeshi kitu, akaninyooshea mkono rasmi kabisa.

"Hongera, Mzazi. Umepata mayai."

Nikatazama. Yalikuwa yale yale, ya manjano, na vifuniko vyake. Wiki hiyo yote nilikuwa nimeogopa kutoyaona, na sasa nikaogopa kwa kuyaona. Maana yalinihukumu. Nikakirudia kioo cha zamani cha Aikaruwa, tulichokuwa tumekihifadhi, na safari hii nikayapita yale makubwa nikahesabu yale mepesi. Mayai ya safura yalijaa kioo kizima. Kule kupauka kote, kule kushika ukuta, tumbo, vyote vilikuwa vimeandikwa na mimi mwenyewe chini ya karatasi, kwa herufi ndogo, kwa sababu lilikuwa jambo la kila siku, na mimi nilitaka la nadra.

Mzee Ramadhani akaniuliza nitafanya nini. Nikamwambia naogopa. Barua za Daktari zimekwenda, jina langu limo ndani yake, nitaonekana mjinga mbele ya wale wa mkonge, labda nitafukuzwa. "Labda," akasema. Hakunipa moyo, na nashukuru. Alifunga dirisha, akanipa ufunguo.

Jumatatu saa mbili machela ilikuwa imefika uani mwa hospitali. Aikaruwa alikuwa amekaa juu yake, amejifunika blanketi, anafumba macho kwa jua ambalo hakuwa ameliona wiki nyingi, na mtoto wake Elinami kifuani pake, na Mama Mkunde amesimama kando na kitambaa chake cheupe, mikono imefumbata chungu kidogo kilichofungwa kwa jani. Aliniona nikipita. Hakuomba kitu. Ndani, mwuguzi alikuwa ameweka sindano kwenye sufuria, juu ya jiko la mafuta ya taa, na maji yalianza kutoa mvuke.

Nilimkuta Bwana Daktari anavaa koti. Nikamwomba atazame kioo kimoja. Akatazama. "Ndiyo," akasema, "ni yule yule mama."

"Si yeye, bwana. Ni mimi."

Akainua kichwa polepole. "Wewe una mnyoo wa ini?"

"Hapana, bwana. Nina mtori." Na nikamweleza: nilijipima Alhamisi nikawa safi, nimekula chungu kimoja na mgonjwa siku tatu, na leo ninayo mayai yake. Nikamwonyesha safura. Aliuliza, kwa ukali kidogo, ni nani basi aliyempa mgonjwa ini baada ya kukatazwa. Nilikuwa nimelitarajia swali hilo na nimelifikiria kwa njia arobaini, lakini lilipokuja lilikuwa na jibu moja tu.

"Kosa ni la mpimaji, bwana. Niliuliza mlangoni. Sikuingia kuona chungu."

Alitazama Kibo dirishani. Masikio yake yalikuwa mekundu kama yangu yalivyokuwa pale uani kwenye mbege. Kisha akavua koti, akalitundika, akasema neno moja: "Andika."

Nikatoa ile kalamu mpya. Nikachukua karatasi yangu nzuri, nikapiga mstari juu ya mnyoo wa ini, amethibitishwa, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: mayai yamepita na chakula, mgonjwa ana safura, atibiwe safura, kosa ni langu. Nikatia sahihi, bila mkia. Kisha nikatoka, nikavuka uani mbele ya machela na mbele ya Mama Mkunde, nikiishika karatasi wazi mkononi ili aone nimeibeba mwenyewe, nikaingia kwa mwuguzi, nikamwambia azime jiko.